Mtoto aliyepata degedege akiwa mchanga: Je, atakuwa mzima?

JE, msomaji, umewahi kuketi kando ya mtoto wa siku mbili ukamwona amegeuza macho upande mmoja, yakakwama huko, huku midomo ikichezacheza kana kwamba ananyonya ilhali hana titi kinywani? Katika nyumba nyingi nyanya atasema mtoto anaota, au anacheka na malaika. Mara nyingi nyanya huwa hajakosea, kwani mtoto mchanga hutabasamu, hukunja uso na kurusha mikono akiwa usingizini bila tatizo lolote. Lakini kuna wakati ishara ndogo kama hizo huwa ni degedege, na mtoto anayezionyesha anapaswa kuwa hospitalini saa iyo hiyo.

Mzazi ambaye mtoto wake amepatwa na degedege katika mwezi wa kwanza huwa na swali moja analomuuliza muuguzi, daktari, jirani na hata mchungaji: "Mtoto huyu atakuwa mzima?" Swali ni lile lile, awe yuko Naivasha, Molo, Gilgil au katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH. Aghalabu hujibiwa kwa mkato: "Tutangoja tuone." Jibu hilo huudhi, hasa kwa mtu ambaye hajalala kwa siku tatu. Hata hivyo daktari anayelitoa huwa hafichi kitu. Leo tutaeleza ni nini kinachongojwa, kwa muda gani, na kazi aliyo nayo mzazi wakati akingoja.

Halifanani na la mtoto mkubwa

Degedege la mtoto wa miaka miwili mwenye homa linajulikana na kila mtu: mwili mzima hukakamaa na kutupwatupwa. La mtoto mchanga huwa tofauti kwa sababu ubongo wake haujakomaa. Huenda macho yakakodoa au kupepesa bila kikomo. Huenda miguu ikaenda kama ya mtu anayeendesha baiskeli. Huenda mkono mmoja tu ukawa unaruka kwa mdundo, au mtoto akaacha kupumua kwa muda na midomo ikabadilika rangi. Mara nyingine hakuna kinachoonekana kwa macho, na ni mashine ya kupima umeme wa ubongo pekee inayoweza kulifichua.

Ipo njia rahisi ya kumsaidia mzazi kutofautisha. Mtoto akitetemeka mguu, ushike kwa upole na kuukunja kidogo. Mtetemeko wa kawaida hukoma papo hapo. Degedege huendelea chini ya kiganja chako, na mara nyingi macho nayo huwa hayako mahali pake. Lakini hata mtetemeko unaokoma ukishikwa usiupuuze ikiwa mtoto hanyonyi vizuri au amezaliwa na uzito mdogo, kwa maana huenda sukari imepungua katika damu yake.

Usimtie kijiko kinywani. Usimpe maji, wala usimpake mafuta ya taa. Wazee wa pwani walihusisha maradhi haya na ndege wa usiku, na si pwani tu ambako mtoto amepitishwa kwa mganga kwanza na hospitali ikawa ya mwisho. Mlaze ubavu, mfunike apate joto, tazama saa ujue limechukua dakika ngapi, kisha ondoka. Ikiwa una simu yenye kamera, mpige picha ya video. Mganga wa zahanati atajifunza mengi zaidi kwa nusu dakika ya picha hiyo kuliko kwa maelezo ya watu watatu wanaozungumza kwa pamoja.

Chanzo ndicho kinachoamua

Msomaji, ukisahau mengine yote, likumbuke hili: degedege lenyewe ni ishara. Mustakabali wa mtoto hutegemea zaidi kile kilicholisababisha. Ndiyo maana watoto wawili waliolala vitanda jirani, wote wakiwa wamepata degedege siku ya pili, wanaweza kukutana tena baada ya miaka saba, mmoja akikimbia uwanjani na mwingine akiwa katika kiti cha magurudumu.

Chanzo kikubwa ni kukosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa. Tuseme uchungu umekushika Olenguruone usiku wa mvua na barabara ni matope matupu. Unafika hospitalini umechoka, mtoto anatoka baada ya saa nyingi, halii, amelegea. Ubongo wake umekaa bila oksijeni. Degedege la aina hii hutokea mapema, kwa kawaida ndani ya siku ya kwanza. Ikiwa alizinduka upesi na kuanza kunyonya baada ya siku chache, matumaini ni makubwa. Ikiwa alibaki amelegea na kuhitaji kulishwa kwa mpira kwa zaidi ya wiki moja, hatari ya kubaki na kasoro ni kubwa vile vile.

Kisha kuna maambukizi: vijidudu katika damu, na homa ya uti wa mgongo. Haya huweza kuzuka siku yoyote katika mwezi ule wa kwanza. Mtoto anaweza kupona kabisa, lakini homa ya uti wa mgongo ina tabia ya kuacha alama, hasa katika masikio.

Upungufu wa sukari nao una habari yake katika maeneo yetu ya baridi. Mtoto mdogo akipoa mwili, huitumia sukari yake upesi ili ajipashe joto. Asubuhi za Molo, Elburgon na Kuresoi si za kumwacha mtoto wa kilo mbili amelazwa peke yake katika kikapu. Mwache akae kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Sukari iliyopungua kwa muda mfupi na kurekebishwa kwa kawaida haidhuru. Iliyokaa chini kwa saa nyingi huweza kuharibu sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayotafsiri yanayoonwa na macho, na mtoto akaja kupata kifafa baadaye.

Vipo vyanzo vingine. Upungufu wa madini ya kalsiamu ukitibiwa, mtoto kwa kawaida huwa mzima kabisa. Kuna degedege la ukoo, ambalo huanza siku ya pili au ya tatu, na mama mkwe akiulizwa vizuri hukumbuka kwamba hata baba wa mtoto alikuwa hivyo. Wengi wa watoto hao hukua vyema. Mtoto mwingine hupata kiharusi, naam, kiharusi kama cha wazee, na degedege lake huelekea upande mmoja wa mwili. Ubongo ulioumbika vibaya tumboni ndio unaotoa matokeo mabaya kuliko yote.

Tusisahau pepopunda, ingawa si degedege hasa. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kwa siku mbili za kwanza huacha, taya zikakaza, na mwili hukakamaa kila anapoguswa. Mwaka wa 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma. Hiyo haimaanishi vijidudu vimehama ardhini. Chanjo ya mama mja mzito bado inahitajika, na kitovu hakipakwi udongo wala samadi.

Yaliyoonekana Kilifi na Kampala

Hesabu iliyofanywa vizuri zaidi nchini mwetu haikufanywa Bonde la Ufa bali pwani, katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Watafiti waliwafuatilia watoto wachanga 1,572 waliolazwa kati ya mwaka wa 2003 na 2007. Kati yao 142 walikuwa na degedege. Walipolinganisha na idadi ya waliozaliwa katika eneo hilo, walikadiria kwamba karibu watoto 40 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hupatwa nalo. Katika nchi tajiri huwa ni wachache tu kwa kila 1,000. Miongoni mwa hao 142, watoto 85 walikuwa na maambukizi ya damu, 30 walikuwa na ubongo uliodhurika, aghalabu kwa kukosa hewa, na 21 walikuwa na homa ya uti wa mgongo. Mambo haya matatu yanaweza kupunguzwa kwa uzazi salama, usafi na matibabu ya mapema. Mwandishi wa ukurasa huu haoni sababu ya kudhani kwamba Kuresoi au Mogotio ni tofauti sana na Kilifi.

Walionusurika, hadi 13 katika kila 100, walitoka hospitalini wakiwa na kasoro ya neva iliyoonekana. Wengine, basi, walikwenda nyumbani wakionekana wazima. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Siku ya kuruhusiwa kutoka si siku ya mwisho ya hesabu, kwa kuwa mtoto wa siku kumi hana mengi ya kuonyesha. Haketi, hasemi, hatembei. Huwezi kujua kwamba hatatembea.

Kule Kampala, katika hospitali ya Mulago, watafiti walingoja zaidi. Walifuatilia watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi lakini ubongo ukadhurika katika siku za kwanza, wengi kwa kukosa hewa, hadi wakafika umri wa miaka miwili na nusu hivi. Wengi walifariki. Kati ya waliobaki hai, takriban watatu katika kila kumi walikuwa na ulemavu wa kimaendeleo, hasa mtindio wa ubongo. Soma takwimu hiyo kwa upande wa pili pia: saba katika kila kumi ya walionusurika hawakuwa na ulemavu huo.

Nchini Canada, katika jimbo la Newfoundland, watoto waliopata degedege wakiwa wachanga walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Kiasi cha robo walifariki, na theluthi moja na ushei walikuwa wazima kabisa. Waliobaki walikuwa na kifafa, mtindio wa ubongo, akili iliyochelewa au ugumu wa kujifunza, na wengine zaidi ya moja. Waliozaliwa kabla ya miezi kutimia waliumia zaidi kuliko waliotimiza.

Miezi ya kuangalia

Ni nini basi cha kuangaliwa? Kijitabu cha afya ya mama na mtoto unachopewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji ambao wazazi wengi huuruka, wakienda moja kwa moja kwenye chanjo. Ufungue.

Akiwa na miezi mitatu hadi minne, mtoto anapaswa kuinua shingo na kufuata uso wako kwa macho. Wewe unayefanya kazi katika mashamba ya maua Naivasha, likizo yako ya uzazi ya miezi mitatu huisha wakati huo huo, na mtoto hubaki na yaya au jirani. Muulize yaya maswali. Usimuulize tu kama mtoto amekula. Muulize kama shingo imekaza, kama anageuka akiitwa, kama mikono yote miwili inacheza. Mtoto ambaye ngumi zake zimekunjwa wakati wote, au ambaye miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi unapombadilisha nepi, apelekwe kuonwa.

Kuna ishara moja ambayo hufurahisha familia badala ya kuishtua. Mtoto wa miezi saba anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na watu wanasema huyu atakuwa mashoto kama babu yake. Msomaji, mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hana mkono anaoupendelea. Akitumia mmoja tu, yamkini ule mwingine ni dhaifu, na huenda hilo ndilo lililoachwa na degedege la upande mmoja lililosahaulika.

Kufikia miezi tisa aweze kuketi bila kuegemezwa. Kufikia miezi kumi na minane awe anatembea na kusema maneno machache. Aliyezaliwa kabla ya wakati hukatiwa wiki zile alizopungukiwa katika hesabu, lakini asikatiwe kila mwaka hadi aende shule.

Masikio yapimwe mapema kwa kila mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, kwani baadhi ya dawa zinazotibu maambukizi nazo zinaweza kudhuru masikio. Mtoto asiyesikia anaweza kuwa mchangamfu na mwerevu, na mama asitambue hadi afike miaka mitatu bila kusema. Nakuru ina shule ya viziwi ya Ngala, lakini lugha, iwe ya mdomo au ya ishara, huanza kumwingia mtoto miaka mingi kabla ya shule.

Ukigundua kuchelewa, mazoezi ya viungo ndiyo dawa. Usingoje mtoto "aamke mwenyewe". Daktari wa mazoezi atakuonyesha jinsi ya kumbeba, kumketisha na kumnyoosha, nawe utafanya nyumbani kila siku, maana mara moja kwa mwezi hospitalini haitoshi hata kidogo. Angalia chakula pia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupata shida kumeza, hukonda, na wengi huugua kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kwa chakula kizito kuliko uji mwepesi.

Dawa ziendelee hadi lini?

Dawa ya kwanza kwa degedege la mtoto mchanga ni fenobabitali. Imekuwapo tangu zamani na ni ya bei nafuu. Tatizo huanza mtoto anapotoka. Wapo wazazi wanaoendelea kuinunua dukani mwaka baada ya mwaka bila mtu kuwauliza, na wapo wanaoitupa siku wanayofika nyumbani.

Ikiwa chanzo kilikuwa cha muda, kama vile kukosa hewa au upungufu wa sukari, na degedege limekoma, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka wa 2023 unapendekeza dawa isimamishwe kabla ya mtoto kwenda nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 kutoka hospitali tisa za Marekani, uliohusu watoto 303, ulionyesha kwamba walioendelea na dawa na walioachishwa hawakutofautiana katika ukuaji walipofika miezi 24, wala katika kupata kifafa. Dawa haimkingi mtoto na kifafa cha kesho, ila huweza kumfanya asinziesinzie na kunyonya kwa uvivu. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Dawa hii ni ya hadi tarehe gani?" Lakini akikwambia iendelee, usiikate ghafla kwa uamuzi wako, kwani hilo lenyewe huweza kurudisha degedege.

Kifafa chenyewe huwapata takriban watoto 18 katika kila 100 waliowahi kupata degedege uchangani, kwa mujibu wa tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka wa 2015. Wengi huanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Jihadhari hasa na mtoto wa miezi minne hadi minane anayejikunja ghafla, kichwa kikianguka mbele na mikono ikitupwa nje, mara nyingi mfululizo anapoamka. Watu hudhani ni tumbo linamsokota. Hicho ni kifafa kibaya cha watoto wachanga, na kila wiki inayopita bila matibabu hula akili yake.

Lawama na shule

Nina neno na wakwe. Mtoto akichelewa kutembea, mama huambiwa alikula kitu fulani akiwa mja mzito, au kwao kuna laana. Yaelekea ndiyo sababu mama wengine humficha mtoto ndani, na kliniki ikapotea. Mama hakusababisha mtoto kukosa hewa. Baba aje kliniki angalau mara moja asikie mwenyewe kutoka kwa daktari. Mama asiachiwe kubeba mtoto, nauli na maelezo.

Na wale waliotembea na kusema kwa wakati? Hao nao wasisahaulike, kwa sababu ugumu mwingine hujitokeza darasani tu. Mtoto aliyekuwa mzima kabisa huanza shule, akashindwa kuunganisha silabi, au hawezi kutulia, au anasahau alichofunzwa jana, na mwalimu humwita mtundu. Mwambie mwalimu kwamba alipata degedege akiwa mchanga. Kisha uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka wa 1984, na huko ndiko huamuliwa kama mtoto atasaidiwa katika shule ya kawaida au apelekwe shule maalumu.

Hayo yote yanahitaji karatasi moja. Kabla hujatoka wadini, omba uandikiwe degedege lilianza siku gani, chanzo kilichogunduliwa, dawa alizopewa na zilikomea lini, na tarehe ya kurudi. Daktari atakayemwona mtoto akiwa na miaka sita hatakuwa yule aliyemtibu. Ikiwa mwandiko hausomeki, mwombe muuguzi akusomee, nawe uandike upya kwa mkono wako katika ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha kliniki.